Baki ya Moja

Muhiddin bin Msabah alikuwa mtu wa kushuku tangu hajaajiriwa kushuku. Akinunua samaki, humfunua mashavu mara mbili. Akiitikiwa salamu kwa furaha iliyozidi, hujiuliza aliyemwitikia anataka nini. Mkewe, Tabia, alikuwa akisema kwamba mumewe akiambiwa leo Ijumaa, atatoka nje kwanza awatazame watu kama wamevaa kanzu safi. Basi vita vilipokuja, na manowari ya Kiingereza ikapigwa na Wajerumani ikazama mbele ya macho ya mji mzima, serikali ilitafuta watu wanaojua Kiarabu, na Kiswahili cha herufi za Kiarabu, wakague barua zinazotoka na zinazoingia. Hakuna aliyestaajabu kusikia kuwa Muhiddin ameacha kufundisha watoto chuo cha Kurani na sasa anakaa kwenye chumba cha juu, karibu na forodha, mbele yake rundo la bahasha na mkononi kisu chembamba cha kufungulia.

Miezi sita alisoma habari za posa, za maradhi, za minazi iliyoanguka, za shangazi waliosusa. Jasusi hakumwona. Jambo hilo halikumpa raha, lilimkera. Aliamini kuwa jasusi yupo, ila ni mwerevu.

Katika masika ya mwaka 1915 ndipo ilipomjia barua ya Bi Ruqaya binti Suud, wa Kiponda, ikielekea Lamu kwa mtu aitwaye Sheikh Darwesh. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu aliyesoma. Baada ya salamu, barua ilisema hivi:

“Yule wa 73,727 bado nimemshika. Nimemjaribu kwa kumi na tatu, akaacha wanne. Nimemjaribu kwa kumi na saba, akaacha kumi na watano. Hakubali kugawika. Naona ni tasa. Akithibiti, basi wale marafiki wawili watakuwa mikononi mwetu, na mkubwa wao ni 9,437,056. Usimwambie mtu yeyote mpaka nikuarifu.”

Muhiddin aliisoma mara nne. Mwili ulimsisimka kama mtu aliyetia ndoana miezi sita, na sasa uzi umevutwa.

Aliipeleka kwa Bwana Mkubwa, Mwingereza mrefu aliyekuwa msimamizi wa chumba kile, akamfasiria neno kwa neno.

“Nani huyu aliyeshikwa?” Bwana Mkubwa akauliza. “Elfu sabini na tatu ni nini? Askari? Bunduki?”

“Sijui, Bwana. Lakini mtu hawi na nambari kama jina. Na mwisho amesema, usimwambie mtu.”

“Nenda kwake. Usimtishe. Sikiliza atakavyosema, kisha uniambie kama ni kweli.”

*

Nyumba ya Bi Ruqaya ilikuwa ya ghorofa mbili, chokaa yake imebanduka kwa mvua. Muhiddin alipiga hodi akapokewa na Bi Mize, mwanamke wa makamo aliyekuwa akikaa na mwenye nyumba tangu wote wawili wasichana. Alipandishwa ukumbini, akakalishwa kitini mbele ya pazia la kijani. Nyuma ya pazia alisikia mtu anaweka chini kitu kigumu, kama ubao.

“Shikamoo, Bi.”

“Marahaba. Mwana wa nani wewe?”

“Muhiddin bin Msabah, wa Sokomuhogo.”

“Msabah seremala?”

“Naam. Ndiye babaangu.”

“Huu ubao nnaoandikia kanitengenezea yeye. Una haja gani, mwanangu?”

Muhiddin alikuwa amejitayarishia maneno ya kuzunguka, lakini ile “mwanangu” ilimchanganya. Akasema, “Barua yako ya Lamu imefunguliwa.”

Pazia halikutikisika. Sauti ikauliza, “Kaifungua nani?”

“Mimi, Bi. Ndiyo kazi yangu.”

“Umeifahamu?”

“Nimekuja unifahamishe.”

Bi Ruqaya alimwambia Bi Mize amletee mgeni kahawa. Kisha akaanza kumsomesha Muhiddin kama anavyosomeshwa mtoto wa juzuu ya kwanza, bila hasira na bila haraka.

“Sita hugawika kwa ngapi bila ya kubakisha? Usiihesabu sita yenyewe.”

“Kwa moja. Kwa mbili. Kwa tatu.”

“Vijumlishe hivyo vigawanyo vyake.”

“Sita.”

“Basi hiyo tunaiita kamili. Haya, nane?”

“Moja, mbili, nne. Saba.”

“Pungufu. Kumi na mbili?”

Muhiddin akahesabu kwa vidole. “Kumi na sita.”

“Hiyo imezidi. Na saba?”

“Saba haigawiki ila kwa moja.”

“Hiyo ni tasa. Sasa ziko namba mbili mbili ambazo kila moja peke yake si kamili, lakini vigawanyo vya hii ukivijumlisha unapata ile, na vya ile ukivijumlisha unapata hii. 220 na 284 ni hivyo. Wanavyuoni wa zamani wakiziita namba zinazopendana. Marehemu babaangu alinirithisha kitabu chenye kanuni ya kuzitafutia. Mimi na Darwesh tumesoma kwa mzee huyo mmoja, yeye ukumbini na mimi nyuma ya pazia hili hili. Tunazitafuta jozi kubwa. Huenda wenzetu huko duniani washaziona zamani, sijui. Sisi hatujaziona.”

“Na hiyo 9,437,056?”

“Hiyo ni 128 mara 73,727. Ikiwa 73,727 ni tasa, basi inaye rafiki wake, 9,363,584. Ikigawika, hakuna kitu, tumeota. Ndiyo maana naijaribu.”

Yote hayo yalikaa sawa, na kwa Muhiddin hiyo ndiyo ilikuwa dosari yake. Uongo mzuri, alijiambia, lazima ukae sawa.

“Mbona umeandika asiambiwe mtu?”

Nyuma ya pazia palitoka kicheko kidogo. “Kwa sababu Darwesh mwaka juzi alitangaza msikitini kuwa kapata jozi mpya, na haikuwa. Lamu nzima ilimcheka.” Kisha sauti ikabadilika. “Huniamini.”

“Sikusema hivyo, Bi.”

“Hukusema. Mize, mpe ile karatasi.”

Bi Mize akamkabidhi karatasi iliyopangwa namba tasa hamsini na nane, kuanzia mbili mpaka 271.

“Ijaribu mwenyewe kwa hizo,” Bi Ruqaya alisema. “Ukipita 271 huna haja ya kuendelea, maana ingekuwa na kigawanyo kikubwa zaidi ya hapo, ingekuwa na mwenziwe mdogo uliyekwisha kumpita. Ukiona hata moja inaigawa bila ya baki, njoo uniambie mimi muongo.”

*

Muhiddin aliifanya kazi hiyo barazani kwake, kila siku baada ya alasiri, akiandika na kufuta. Kugawa alikuwa anajua, lakini hakuwa na mazoea ya namba kubwa kama ile. Saba ikabakisha tatu. Kumi na moja ikabakisha tano. Kumi na tatu ikabakisha nne, kama barua ilivyosema. Hilo lilimtia chuki badala ya kumtuliza. Kila alipopata baki alihisi kama kanyimwa kitu. Tabia alimpitia na kikapu cha muhogo akamtazama usoni.

“Unatafuta nini humo?”

“Ukweli.”

“Mbona umekunja uso kila ukiupata?”

Muhiddin akafuta mstari, akaanza upya.

Siku ya tano, jua limeelemea upande wa bahari, alifika 193. Mia na tisini na tatu ndani ya 737, mara tatu. Ikabaki 158. Akateremsha mbili. Mara nane. Ikabaki 38. Akateremsha saba, akapata 387. Mara mbili. Akaandika 387 chini ya 387, akatoa, ikawa sifuri.

Alisimama. Akakaa tena. 193 mara 382, pasi na baki. Namba ilikuwa imegawika! Bi Ruqaya alikuwa amesema uongo, kwa hiyo marafiki walikuwa watu, na tasa alikuwa meli au mtu au ngome, na ile hadithi ya babaake na kitabu ilikuwa pazia la pili nyuma ya lile la kijani. Furaha iliyompata siku ile, alikuja kusema baadaye, ilikuwa kubwa kuliko ya siku ya harusi yake, na aliona haya kuikumbuka.

Hakurejea kuangalia. Asubuhi alimwambia Bwana Mkubwa, “Nimeijaribu namba yake, Bwana. Ni ya uongo.”

Kabla ya adhuhuri askari wanne walipanda ngazi za nyumba ya Kiponda. Walichukua karatasi zote: za Bi Ruqaya, za babaake, barua za Darwesh za miaka ishirini. Walizitia katika magunia mawili ya karafuu. Bi Ruqaya alitakiwa ahame mjini akae kwa nduguze, Mbweni, mahali ambapo hataona bandari, na asimwandikie mtu. Alishuka ngazi kajifunika buibui, Bi Mize kamshika mkono. Watu wa mtaa walikuwa wamejipanga milangoni. Jirani mmoja aliyekuwa akimpelekea mandazi kila Ramadhani alirudi ndani akafunga mlango.

Magunia yaliwekwa kwenye chumba cha chini cha ofisi. Masika yalikuwa hayajesha, na paa la upande ule lilikuwa linavuja.

*

Wiki tatu zikapita. Wataalamu wa Bwana Mkubwa walizitazama karatasi wasione mwanzo wala mwisho. Akamwita Muhiddin. “Nenda Mbweni. Mwambie tunajua. Mwambie atupe ufunguo wa fumbo lake, arudi kwake.”

Muhiddin alikwenda kwa punda, katika jua la asubuhi, njia imejaa madimbwi. Njiani alijipangia namna atakavyosema. Alijiona kama kadhi.

Nyumba ya Mbweni ilikuwa ndogo, na pazia halikuwapo. Bi Ruqaya alikaa ndani ya mlango ulio wazi nusu, yeye akaketi nje juu ya mkeka. Bi Mize alisimama katikati na hakumkaribisha hata maji.

“Bi,” Muhiddin akasema, “ulinambia nije nikikuta inagawika. Nimekuja.”

“Imegawika kwa ngapi?”

“Kwa 193.”

Alimsikia akinong’ona hesabu. “Mia na tisini na tatu sikuwa nimeifikia,” alisema polepole, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na hofu, hofu ya mtu aliyesikia kuwa mwanawe kaanguka. “Nilikomea 149. Inaingia mara ngapi?”

“Mara 382.”

“Ngapi?”

“Mia tatu na themanini na mbili. Pasi na baki.”

Akanong’ona tena. Kisha Bi Ruqaya alivuta pumzi, na aliposema tena, hofu ilikuwa imekwisha.

“382 ni witiri au shufwa?”

“Shufwa. Inagawika kwa mbili.”

“Shufwa ukiizidisha kwa namba yoyote unapata nini?”

Muhiddin alifungua kinywa. Hili alikuwa akilisomesha mwenyewe chuoni. “Shufwa,” akasema.

“Na 73,727?”

Mikono yake ilikuwa imeanza kutafuta karatasi kwenye mfuko wa kanzu. Akaikunjua juu ya mkeka, akashusha kidole mpaka mstari wa mwisho.

“Tatu mara mbili ngapi, mwanangu?” sauti ikamuuliza.

“Sita.”

“Umeandika ngapi hapo?”

“Saba.”

Bi Mize alisonya, akaingia ndani.

“Inabaki moja,” Bi Ruqaya alisema. “Hukuiona kwa sababu hukuitaka. Nenda zako sasa. Nimechoka.”

*

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Hilo alilifikiri njia nzima ya kurudi, na siku mbili baadaye. Pale ofisini hapakuwa na mtu aliyeikagua hesabu yake; waliichukua kwa neno lake. Angesema bibi kakataa kutoa ufunguo, na mambo yangeendelea hivyo hivyo mpaka vita viishe. Kazi yake ingekaa, na heshima yake ingekaa. Alikwenda ofisini, akafungua bahasha, akasoma barua ya mtu anayemwarifu mamaake kuwa mguu umepona. Akajiuliza mguu ni nini. Halafu akajiuliza kama macho yake yanaona kilichoandikwa au anachokitaka. Akaisoma tena. Akaisoma mara ya tatu. Hakuweza kuipiga muhuri wala kuizuia.

Asubuhi ya siku ya tatu alipanda kwa Bwana Mkubwa akaweka karatasi mezani.

“Bwana, nimekosea hapa. Namba ya yule mama haikugawika kwa 193. Alisema kweli.”

Bwana Mkubwa aliitazama karatasi. “Umekosea kwa ngapi?”

“Kwa moja.”

“Moja tu? Katika elfu sabini na tatu?”

“Katika kugawa, Bwana, ikibaki moja haikugawika. Ni sawa na ikibaki mia.”

Aliitwa mpima ramani mmoja, Mgoa, aliyekuwa fundi wa hesabu. Alikaa nayo, na maelezo ya Muhiddin, kwa saa moja na kalamu. Alijumlisha vigawanyo vya 284, akajumlisha vya 220, akatikisa kichwa, akatabasamu peke yake. Akasema hii si siri ya vita, ni elimu, na kwamba yeye mwenyewe angependa kumjua huyo bibi. Bwana Mkubwa hakutabasamu. Alikuwa amekwisha kuwaandikia wakubwa wake kuwa jasusi amepatikana.

“Ungeweza kunambia haya kabla ya kutuma askari,” alisema.

“Naam, Bwana.”

“Usije kesho.”

Bi Ruqaya alirudishwa Kiponda wiki ile ile, na magunia yake. Yalipofunguliwa ukumbini yalitoa harufu ya uvundo. Karatasi za juu zilikuwa nzima. Za chini zilikuwa zimegandana, na wino wa marehemu Suud ulikuwa umekimbia ukawa mawingu ya rangi ya majani makavu.

*

Muhiddin alikaa siku kumi kabla ya kupata uso wa kwenda. Alipiga hodi. Bi Mize alimwacha kizingitini kwa muda mrefu, kisha akampandisha. Pazia la kijani lilikuwa mahali pake.

“Nimekuja kuomba radhi, Bi.”

“Radhi nshakupa,” sauti ilisema. “Karatasi za babaangu hazisomeki kwa radhi.”

“Nifanye nini?”

Ubao ukasikika unawekwa chini.

“Zile za mwanzo, mpaka 149, nazikumbuka,” alisema Bi Ruqaya. “Kutoka 151 mpaka 271 zimebaki. Macho yangu si mazima tena. Kaa huko chini barazani ufanye, na kila moja ukimaliza mpe Mize aniletee.”

Akakaa. Mwezi mzima wa kipupwe watu waliokuwa wakipita Kiponda walimwona mkaguzi wa zamani yuko barazani kwa mwanamke aliyeshitakiwa naye, kajiinamia ubao. Wengine walisema karogwa. Wengine walisema ni ujanja wa serikali, bado anampeleleza. Yule jirani wa mandazi alifungua dirisha kidogo kila siku kumtazama. Muhiddin sasa alijua ladha ya kutazamwa hivyo.

197 ikabakisha 49. 199 ikabakisha 97. Alikuwa akizidisha kurudi nyuma kila jawabu, mara mbili, kabla ya kumwita Bi Mize. Juu, Bi Ruqaya alikuwa akiifanya upya kila hesabu aliyopelekewa tangu mwanzo. Muhiddin alilijua hilo, kwani ubao ulisikika kutoka dirishani.

271 ikabakisha kumi na tano.

“Basi,” Bi Ruqaya alisema kutoka dirishani. “Ni tasa. Na wale wawili wanapendana.” Bi Mize alipiga kigelegele kimoja kifupi, akajiziba mdomo.

Barua ikaandikwa kwenda Lamu. Hakuna jawabu. Ikaandikwa ya pili. Mwishoni alikuja binti yake Sheikh Darwesh, Thuwaiba, aliyekuwa amekuja Unguja kwa arusi ya jamaa zake. Alikaa na Bi Ruqaya nyuma ya pazia, na Muhiddin barazani alisikia yote. Kule Lamu nako mzee alijiwa na watu wakamuuliza habari za barua zake. Hawakumtia ndani. Lakini walipoondoka tu alizichukua karatasi zake zote zenye namba, akazitia moto wa jikoni moja moja, mpaka akaishiwa.

“Anakusalimu sana,” Thuwaiba alisema. “Anasema amefurahi kuwa namba ile ni tasa. Lakini anakuomba, Bi, kwa haki ya babaako, usimwandikie tena.”

Muhiddin alisubiri alaaniwe. Hakulaaniwa. Baada ya mgeni kuondoka, Bi Mize aliteremka na karatasi mpya, chupa ya wino na bunda la zile kurasa zilizogandana.

“Bi anasema uanze kunakili zinazosomeka,” alisema bila kumtazama. “Nakala mbili. Moja yake, moja itakaa kwa ajili ya Sheikh Darwesh, kwa siku atakayoitaka. Na anasema uandike polepole.”

“Mwambie naam.”

“Na kila ukurasa ataukagua.”

“Najua,” Muhiddin akasema, akachovya kalamu.